Ulimi Haumjui Baba

Kuna zoezi la biolojia ambalo halijawahi kukosa watetezi. Mwanafunzi hupewa jedwali la kujaza nyumbani. Juu yameandikwa majina ya jamaa: mimi, mama, baba, kaka, dada, na karatasi ikiruhusu, babu na bibi wa pande zote mbili. Pembeni zimeorodheshwa sifa: nani anaweza kukunja ulimi hadi kingo zake zikainuka, nani ana ndewe zinazoning'inia na nani zake zimeshikamana na shavu, kidole gumba cha nani hupinda kwenda nyuma, nywele za nani zimeshuka kwa ncha katikati ya paji. Ijumaa anatumwa, Jumatatu anarudi, na mwalimu analionyesha darasa jinsi sifa tawala na sifa fifi zilivyoteremka kutoka kizazi hadi kizazi.

Wanaolitetea zoezi hili si watu wa kudharauliwa. Wengi ni walimu wanaojituma, wale waliochoka kuona jenetiki ikikaririwa kama orodha ya wafalme. Wanasema mwili wa mtoto ni maabara isiyo na gharama, katika shule ambayo hadubini ni moja na funguo ya kabati lake iko kwa mkuu wa shule. Wanasema mtoto hukumbuka kile kinachomhusu. Wanasema pia kwamba zoezi humshirikisha mzazi, jambo ambalo kila kikao cha wadau wa elimu hulililia. Haya yote ni kweli.

Hata hivyo nasema zoezi lifutwe, na sababu yangu sijawahi kusikia ikijibiwa. Sifa anazotumwa mtoto kuzichunguza ama hazirithiwi kwa namna anayofundishwa, ama hurithiwa hivyo kweli. Kama hazirithiwi hivyo, tunamfundisha uongo. Kama hurithiwa hivyo, tumemkabidhi kipimo cha ubaba akakitumie nyumbani kwao, bila hakimu, bila daktari, bila mtu wa kumshika mkono majibu yakitoka vibaya. Hakuna mlango wa tatu.

Tuanze na ulimi, maana ndio kipenzi cha wote. Mwaka 1940 Mmarekani Alfred Sturtevant aliandika kwamba uwezo wa kukunja ulimi unaelekea kutokana na jeni moja, na kwamba kuweza hutawala kutoweza. Sturtevant hakuwa mbabaishaji. Mwaka 1913, akiwa kijana katika maabara ya Thomas Hunt Morgan, alichapisha ramani ya kwanza kabisa ya jeni kwenye kromosomu, akitumia nzi wa matunda. Neno la mtu wa namna hiyo liliingia vitabuni bila kuzuiwa mlangoni. Lakini mwaka 1951 Taku Komai wa Japani alitoa hesabu za watoto wa shule: kati ya wenye miaka 6 na 7, waliokunja ulimi walikuwa asilimia 54, kati ya wenye miaka 12, asilimia 76. Watoto hawaongezewi jeni wakiwa darasa la tano. Walikuwa wanajifunza. Mwaka uliofuata Philip Matlock akachunguza jozi 33 za mapacha wa kufanana, watu wanaotoka katika yai moja lililorutubishwa, akakuta jozi 7 ambazo mmoja anakunja na mwenzake hawezi.

Sturtevant aliyakubali matokeo ya Matlock. Katika kitabu chake cha historia ya jenetiki, kilichotoka mwaka 1965, alieleza kwamba anaona haya kukuta ulimi bado unatajwa na wengine kama mfano halisi wa urithi wa Mendel. Mwenye hoja ameiondoa hoja yake mezani. Sisi bado tunaitolea alama.

Sasa fikiria binti wa miaka kumi na mitano anayekunja ulimi vizuri tu, na amewakuta baba na mama wote hawawezi. Kanuni aliyoandikiwa ubaoni ni kali: wasioweza ni fifi kwa fifi, hawana cha kumrithisha mtoto isipokuwa kutoweza. Ametoka wapi yeye? Yuko peke yake na daftari lake, na kanuni ya uongo inamnong'onezea jambo kuhusu mama yake.

Kuhusu ndewe sitachelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watu zaidi ya 74,000, ulikuta maeneo 49 ya jeni yanayochangia umbo la sehemu hiyo ya sikio. Arobaini na tisa! Na hata bila utafiti, wapange wanafunzi kwa mstari uwatazame. Hutapata makundi mawili. Utapata zinazoning'inia sana, zinazoning'inia kidogo, zisizojulikana, na mwalimu akiamua kwa jicho huyu aingizwe wapi ili hesabu itoke. Nimewaeleza hivyo baadhi ya walimu, na kwa hili hawasikii la ndewe wala shikio.

Vipo pia vitabu vya kiada vinavyobeba mfano wa macho ya bluu na ya kahawia, na kuupeleka mbele ya darasa ambalo macho yote ni ya kahawia. Huko kwenyewe kwenye macho ya bluu kanuni haishiki: wazazi wawili wenye macho ya bluu wanaweza kumpata mtoto mwenye macho ya kahawia bila mtu yeyote kutoka nje ya ndoa.

Watetezi hapa huwa na jibu lao la akiba. Elimu ya mwanzo, wanasema, ni kurahisisha. Atakayeendelea atasahihishwa mbele. Jibu hili linasikika la busara mpaka uliangalie kwa karibu. Kurahisisha ni kusema sehemu ya ukweli na kuacha nafasi ya kuongeza. Ukichora seli ya mnyama kwa mistari michache, ukaweka kiini, utando na saitoplazimu, umerahisisha. Mwaka ujao utaongeza mitokondria, na mchoro wa kwanza hautakuwa na la kujutia. Kanuni ya ulimi haina cha kuongezewa. Inapaswa kung'olewa, na kung'oa ni kugumu kuliko kupanda. Huko "mbele" wanakokusema, wengi hawafiki. Kwa walio wengi kidato cha nne ndicho kikomo cha biolojia, na kati ya wanaoingia kidato cha tano kuna waliochagua tahasusi zisizo na biolojia kabisa. Kwa hiyo somo la urithi alilolipata mwanafunzi ndilo atakalofia nalo. Ndilo atakaloingia nalo wodi ya wazazi siku ya kwanza, akamkagua mtoto masikio kabla hajamuuliza mkewe hali.

Hili la kukagua watoto si mzaha. Kwetu rangi ya ngozi peke yake imevunja nyumba. Mtoto akizaliwa mweupe kuliko wazazi wake, majirani huanza kuhesabu nani alikuwa mpangaji mwaka ule. Na hapa sayansi ina jambo zuri la kusema ambalo jedwali la tawala na fifi linalizima. Mwaka 2017 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 1,570 kutoka Ethiopia, Tanzania na Botswana, wakaonyesha kwamba tofauti za rangi ya ngozi miongoni mwa Waafrika hutokana na jeni kadhaa, na kwamba aina za jeni za weupe na za weusi zimekaa pamoja barani humu kwa muda mrefu sana. Maana yake ni kwamba baba na mama wa rangi moja wanaweza kila mmoja kubeba mchanganyiko tofauti, na watoto wao wakatoka kila mtu na rangi yake. Kijana aliyefundishwa hivyo ataokoa ndoa. Aliyefundishwa kwamba sifa moja ni jeni moja atakuwa shahidi wa kwanza wa majirani.

Huo ni upande wa uongo. Upande wa ukweli ni mbaya zaidi.

Wapo walimu makini wanaojua kuhusu ulimi na ndewe, na ambao kwa umakini wao hubadilisha zoezi: badala ya ulimi, kundi la damu. Sayansi ya makundi ya damu ni imara tangu Karl Landsteiner alipoyagundua mwanzoni mwa karne iliyopita. Mzazi wa AB na mzazi wa O huzaa watoto wa A au B. Kumpata wa O au AB ni jambo la nadra mno. Kwa hiyo mwalimu anaona amepata mfano safi. Ni safi kweli, na kwa sababu hiyohiyo haufai kutumwa nyumbani. Kadi ya kliniki ya mama, kadi ya baba aliyewahi kuchangia damu, na kalamu ya mtoto vinatosha kufungua jambo ambalo watu wazima wawili walikubaliana kulifunga kabla mtoto huyo hajajua kutembea.

Nchini Tanzania upo utaratibu wa kupima ubaba. Kuna sheria ya mwaka 2009 inayosimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu. Mtu hajiokotei tu unywele wa mwanawe akaupeleka kupimwa. Maombi hupitia kwa mamlaka zinazotambuliwa, ridhaa hudaiwa, na kipimo hufanywa chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Serikali iliona kwamba swali la nani ni baba wa nani ni zito kiasi cha kuhitaji sheria yake. Kisha darasani tunamwachia mtoto wa kidato cha nne alijibu kwa penseli, na kesho yake jedwali lake linabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na ya wenzake.

Wahenga wa pwani walilimaliza kwa maneno matatu: kitanda hakizai haramu. Wanaodhani methali hii ni ya watu wasiojua sayansi hawajaielewa. Walijua vizuri sana kinachoweza kutokea. Waliamua kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ana baba, na baba huyo ni mwenye nyumba, kwa sababu mtoto anahitaji jina, chakula na mirathi leo, na ukweli wa damu haumpi hata kimoja kati ya hivyo. Unaweza kubishana na uamuzi huo. Mahakama hubishana nao kila siku. Lakini anayetaka kuupindua aje kama mtu mzima, kwa hoja, asimtume mtoto.

Sijataja bado wale ambao jedwali haliwaingii kabisa. Anayelelewa na bibi mzaa mama tangu utotoni. Yatima. Anayemwita baba mume wa mama yake, na ndivyo alivyo kwake. Mtoto wa kulea ambaye hajaambiwa. Katika darasa lolote la wanafunzi hamsini, hawa si mmoja wala wawili. Ushauri wanaopewa hunishangaza kila ninapousikia: "Kama baba hayupo, jaza mjomba." Kisayansi huo ni upuuzi, maana mjomba hakuchangia nusu ya jeni za mtoto, na takwimu za darasa zima zimeshaharibika kwa huyo mjomba mmoja. Kibinadamu ni kumwambia mtoto mbele ya wenzake kwamba kwao kuna pengo, na kwamba shule inalijua.

Nimewahi kuambiwa kwamba msimamo huu ni woga, kwamba ninataka vijana wakue bila kujua miili yao. Ni kinyume chake. Ninataka wafundishwe ubaba, vinasaba, makundi ya damu na magonjwa ya kurithi, waziwazi, mapema, na kwa undani kuliko sasa. Ninachokataa ni kuigeuza nyumba ya mwanafunzi kuwa chanzo cha takwimu. Daktari wa upasuaji naye alijifunza, lakini hakuanzia kwa mama yake.

Na kusema hakuna mbadala wa bei nafuu ni uvivu. Mkulima yeyote anayependa mahindi meupe anajua kero ya jirani aliyepanda ya njano: unavuna hindi lako, unalimenya, unakuta punje za njano zimetawanyika ndani ya nyeupe. Hapo kuna jenetiki yote ya kidato cha nne. Kila uzi wa ndevu za hindi hupokea chavua yake peke yake, kwa hiyo punje za hindi moja zina mama mmoja na baba zao huenda wakawa wengi. Unjano hutawala weupe, na huonekana kwenye punje palepale, bila kusubiri mmea mpya uote. Chukua punje hizo za njano, zipande mbali na mahindi mengine, na msimu wa pili utapata mahindi yenye punje tatu za njano kwa kila moja nyeupe, kwa makadirio. Darasa lihesabu. Mendel, kwa njegere zake kule Brno, alihesabu mbegu 6,022 za njano na 2,001 za kijani. Darasa la wanafunzi hamsini, kila mmoja na hindi lake, linampita Mendel kwa asubuhi moja. Kuhusu mama wa punje na baba zake wengi, darasa litacheka linavyotaka. Hakuna atakayerudi nyumbani na swali la kumchoma mtu.

Kisha liko somo ambalo lilipaswa kuwa kiini cha mada nzima, nalo tunalipitia kwa aya mbili: selimundu. Nchini Tanzania inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Hapa jeni moja kweli ni jeni moja. Badiliko la herufi moja hubadilisha asidi amino ya sita katika mnyororo mmojawapo wa himoglobini, kama Vernon Ingram alivyogundua katika miaka ya 1950, na chembe nyekundu ya damu hukunjika kama mundu oksijeni inapopungua. Seli na jenetiki, mada mbili ambazo vitabu vyetu vimezitenganisha kwa miaka mitatu, zinakutana ndani ya tone moja. Na historia yake ni ya kwetu. Anthony Allison alikulia Kenya, akarudi mwaka 1949 akiwa mwanafunzi wa Oxford, akaona kwamba wabebaji wa jeni hii ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu zenye baridi. Ramani ile ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye nakala moja ya jeni hupata kinga fulani dhidi ya malaria, ndiyo maana jeni inayoua haikupotea. Mwanafunzi wa Tanga au Kisumu anayetajiwa macho ya bluu ameibiwa hadithi hii.

Zoezi lake ni la maharage. Mifuko miwili, mmoja wa baba na mmoja wa mama, kila mmoja una maharage mekundu na meupe kwa idadi sawa. Chota moja kutoka kila mfuko bila kutazama, andika, rudisha, rudia mara mia. Meupe mawili ni mgonjwa. Watapata karibu robo. Lakini faida kubwa haiko kwenye robo. Iko pale mwanafunzi anapochota meupe mawili mara mbili mfululizo na kulalamika kwamba mfuko una hila. Hapo mwalimu asimame. Wapo wazazi wengi wenye mtoto mmoja mwenye selimundu wanaoamini kwamba watatu wanaofuata wako salama, kwa kuwa waliambiwa "mmoja kati ya wanne". Kila mimba ni kura mpya, na mfuko haukumbuki. Familia zinazochorwa katika zoezi hili ziwe za kubuni. Anayejua habari za kwao ataelewa kimyakimya, na akitaka atamfuata mwalimu ofisini.

Mazoezi ya seli yana ugonjwa wa jamii hiyohiyo, ingawa hayaumizi mtu. Tunamwagiza mtoto afinyange seli kwa plastisini ya rangi tano, mzazi ananunua, mara nyingi mzazi ndiye anayefinyanga, na kinachopata alama ni unadhifu. Hakuna seli iliyochunguzwa. Wakati huohuo jikoni dada yake anakata vitunguu vya kachumbari, anavinyunyizia chumvi, na baada ya dakika chache maji yanatiririka na vipande vinalegea. Hayo ni maji ya seli yakivuka utando kuelekea kwenye chumvi. Mtoto apime: kitunguu kiasi gani, chumvi kiasi gani, maji kiasi gani baada ya nusu saa, kisha kipande kingine akitumbukize kwenye maji matupu aone kinavyokakamaa. Gharama ni kitunguu, na kinaliwa.

Najua kinachoulinda ulimi. Si walimu, ni mtihani. Kwa muda mrefu, anayeulizwa mifano ya tofauti zisizo na ngazi za kati amezoezwa kuandika kukunja ulimi na umbo la ndewe, na mwalimu atakayekataa kufundisha hivyo anaogopa kumwangusha mwanafunzi wake. Basi watunga mitihani ndio wa kuanza, na hawahitaji bajeti. Swali moja linatosha kubadilisha ufundishaji wa nchi nzima ndani ya miaka miwili, kwa kuwa maswali ya zamani ndiyo mtaala halisi wa kidato cha nne. Ninawaazima hili:

Mkulima alipanda mahindi meupe jirani na shamba la mahindi ya njano. Alipovuna, mahindi ya upande wa jirani yalikuwa na punje za njano katikati ya nyeupe, na ya upande wa mbali hayakuwa nazo. Eleza punje za njano zilitoka wapi. Akizipanda hizo peke yake msimu ujao, atarajie punje za rangi gani, na kwa uwiano gani? Onyesha hesabu yako. Alama 10.